Raki za vifaa vya sauti kwa studio ndogo: pesa iende kwenye reli

Chukua raki yoyote ya vifaa vya sauti, yaani fremu au sanduku la kupangia vifaa juu na chini, ghali au rahisi, utakuta sehemu inayofanya kazi hasa ni moja: zile pau mbili za chuma zenye matundu, kushoto na kulia, ambazo masikio ya kifaa (zile ncha mbili za uso wake zinazojitokeza pembeni) hufungwa kwazo. Hizo ndizo reli. Yaliyobaki ni sanduku la kuzishikilia, na sanduku anaweza kulitengeneza yeyote mwenye msumeno. Watengenezaji wengi wa raki za bei nafuu hufanya kinyume: wanapamba sanduku, wanabania reli. Tathmini hii imeegemea hapo, na aina kadhaa zinazosifiwa sana zinaanguka kwa sababu hiyo hiyo.

Tuanze na vipimo, maana bila hivyo huwezi kujua unauziwa nini. Inchi 19 ni upana wa uso wa kifaa pamoja na masikio yake, yaani milimita 482.6. Mwili wa kifaa ulio nyuma ya masikio ni mwembamba zaidi, kwa kuwa unapita katika uwazi wa takriban milimita 450 kati ya reli mbili. Kutoka kitovu cha tundu la kushoto hadi kitovu cha tundu la kulia ni milimita 465.1. Kimo huhesabiwa kwa U, na U moja ni milimita 44.45. Uso wa kifaa cha U moja hukatwa pungufu kidogo, karibu milimita 43.7, ili vifaa vilivyopangwa juu na chini visisuguane.

Matundu ya reli yana hila yake. Kila U ina matundu matatu, lakini umbali kati yake haulingani: milimita 15.9, tena 15.9, kisha 12.7, halafu mpangilio unajirudia. Mpaka kati ya U moja na nyingine unapita katikati ya ule umbali mfupi. Asiyejua hilo hukipandisha kifaa tundu moja zaidi. Skrubu ya juu inaingia vizuri, ya chini inakosa tundu kwa milimita tatu hivi. Hapo ndipo watu huishika bisibisi kwa mikono miwili na kulazimisha, na uzi wa reli (ile mikato ndani ya tundu inayoshika skrubu) unakufa. Reli ikiwa haina alama za U, chukua kalamu ya wino usiofutika, tafuta matundu mawili yaliyokaribiana, piga mstari kati yake, na uendelee hivyo hadi mwisho. Ni kazi ya dakika tano tu.

Jambo la pili ni skrubu. Reli za vifaa vya sauti kwa kawaida huja na uzi wa 10-32, ambao ni wa Kimarekani, au M5, au M6. Nyingine hazina uzi kabisa bali matundu ya mraba ya milimita 9.5, yanayopokea nati za kuchomeka, nazo aghalabu ni za M6. Mtego uko kati ya 10-32 na M5, kwa sababu zinafanana kupita kiasi. Skrubu ya 10-32 ina kipenyo cha milimita 4.8 na hatua ya uzi (umbali kati ya mkato na mkato) ya milimita 0.79, M5 ina kipenyo cha milimita 5 na hatua ya milimita 0.8. Ukiitia M5 kwenye tundu la 10-32 inazunguka mara mbili tatu, inakaza, na ukiendelea inakata uzi. Ukifanya kinyume, 10-32 kwenye tundu la M5, inaingia kwa raha lakini haishiki, na siku kifaa kizito kikivuta ndipo utajua. Kila skrubu ianzwe kwa vidole. Ikigoma kwenye vidole, si yake.

Sasa tuzitazame raki zenyewe.

Fremu ya chuma ya mezani, ile inayokuja imekunjwa kwenye boksi na kufungwa kwa bolti nane au kumi na mbili, ndiyo inayonunuliwa zaidi. Uzuri wake ni hewa: imefunguka pande zote, nyaya unazifikia, vifaa havichemki. Ubaya wake uko kwenye unene wa bati. Hesabu ni rahisi. Hatua ya uzi ni karibu milimita 0.8, kwa hiyo bati la milimita 1.2 lina mzunguko mmoja na nusu tu wa uzi wa kushika skrubu. Bati la milimita 2 lina miwili na nusu. Tofauti hiyo huioni siku ya kwanza. Unaiona baada ya kufunga na kufungua mara nne, skrubu inapoanza kuzunguka bure. Ukiwa na kalipa, pima ukingo wa reli kabla ya kulipa. Ukikuta chini ya 1.5, iache, labda kama tundu limesukumwa nyuma wakati wa kutobolewa ili uzi upate kina. Na kama umeshainunua, usiitupe: weka nati nyuma ya kila tundu lililokufa, itakutumikia miaka.

Fremu hizo pia hupinda mshazari. Ukishaifunga, kabla ya kukaza bolti, pima kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita mbili, isukume mpaka vilingane, ndipo ukaze. Wengi hukaza kwanza, kisha wanalaumu kifaa kwamba masikio yake hayako sawa.

Raki za mbao zenye uso ulioinama zinapendeza, hilo halina ubishi. Kuinama huko kuna faida ya kweli: ukiwa umekaa unaona taa na vishale bila kuinamisha shingo, na uso wa vifaa haurudishi sauti ya spika moja kwa moja kwenye masikio yako. Lakini katika daraja la bei nafuu, mbao hiyo mara nyingi ni chipubodi iliyovikwa karatasi ya rangi ya mti, na nyingine hazina reli ya chuma kabisa. Skrubu za mbao zinaingia moja kwa moja kwenye chipubodi. Kwa kifaa utakachofunga mara moja na kukisahau, sawa. Kwa studio inayobadilika kila baada ya miezi michache, matundu yatamomonyoka. Kuna kasoro nyingine: kwa sababu ya mwinamo, nafasi ya nyuma upande wa chini inapungua. Kifaa chenye kina cha sentimita 30 pamoja na plagi zake kinaweza kugonga ubao wa nyuma ilhali chenzake cha juu kimeingia bila shida.

Sanduku la plastiki la kusafirishia vifaa, lenye vifuniko mbele na nyuma, watu hulinunua wakidhani litafaa nyumbani na safarini. Safarini linafaa. Nyumbani ni kubwa kuliko vilivyomo, vifuniko vinatafuta mahali pa kukaa, na plastiki inalegea chini ya amplifaya nzito mpaka kifuniko cha nyuma kinakataa kufunga. Reli zake, hata hivyo, mara nyingi ni nzuri kuliko za fremu ya mezani. Kama studio yako hutoka nje kurekodi, linunue. Kama haitoki, linakula nafasi bure.

Kabati la mtandao la ukutani lililotumika, lile ofisi hulitoa zinapobadilisha mitambo, ni bahati kwa anayelipata. Reli zake ni za chuma kizito, zina matundu ya mraba, na uzi ukiharibika unabadilisha nati moja tu, reli inabaki salama. Ukilipata, angalia mambo mawili. Kwanza kina: kabati la milimita 450 si milimita 450 za kufungia kifaa, maana reli ziko nyuma ya mlango na plagi zinahitaji nafasi yake. Kwa kawaida reli hizo husogezwa mbele na nyuma, kwa hiyo zirudishe ili vitasa visiguse mlango. Pili, mlango wa kioo ung'oe. Unazuia hewa, na katika studio unaufungua mara mia kwa siku. Feni ya juu nayo ichomoe. Maikrofoni ya kondensa itaisikia kabla yako.

Halafu kuna ujanja wa meza ya Lack ya IKEA, unaojulikana duniani kote. Meza ile ina upande wa sentimita 55 na miguu ya unene wa sentimita 5, kwa hiyo kati ya miguu panabaki sentimita 45, sawasawa na uwazi wa raki. Kwa bei hiyo huwezi kupata kingine. Tatizo ni kwamba mguu wa Lack ni mtupu ndani kwa sehemu kubwa. Skrubu inashika ganda tu. Pachibei moja (paneli ya matundu ya kuunganishia nyaya za sauti), kompresa moja nyepesi ya sauti, kifaa cha U moja kisichozidi kilo tatu: hivyo inavibeba. Amplifaya usijaribu hata kama umepigilia vipande vya chuma, maana uzito wake unakaa nyuma, unavuta skrubu nje kama mtu anayeng'oa msumari polepole.

Iliyobaki ndiyo tunayoiona kuwa bora kwa pesa yake: nunua reli peke yake, za chuma cha milimita 2 au nati za kuchomeka, kutoka kwa watengenezaji wa vifaa vya masanduku kama Penn Elcom au Adam Hall, kisha tengeneza sanduku la plaiwudi ya milimita 18. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) inawezekana, ila ni nzito na hupasuka ukiitia skrubu ukingoni.

Kipimo kinachowashinda watu ni upana wa ndani. Michoro mingi hutoa namba moja, na namba hiyo inafaa reli moja. Fanya hivi: pima kutoka mgongo wa reli yako, pale inapogusa ubao, hadi kitovu cha tundu. Zidisha kwa mbili, ongeza 465. Ikiwa ni milimita 10, upana wa ndani ni 485. Jibu likitoka chini ya 484, masikio ya kifaa yatakwaruza mbao. Weka kipande chembamba cha mbao nyuma ya kila reli na ukipanue chumba kwa kiasi hicho hicho.

Kwa sanduku la 8U, reli ina urefu wa milimita 355.6. Chumba cha ndani kiwe na kimo cha 358. Mbao za juu na chini zikikaa kati ya mbao za ubavuni, vipande ni hivi: viwili vya ubavuni vya milimita 394 kwa 400, viwili vya juu na chini vya 485 kwa 400, na vipande viwili vyembamba vya 485 kwa 80 vya kufunga nyuma, kimoja juu na kimoja chini, katikati pabaki wazi kwa ajili ya hewa na mikono. Usiviache hivyo vyembamba. Bila hivyo sanduku huyumba kushoto na kulia, na gundi pekee haitalizuia. Bao zima la plaiwudi la 2440 kwa 1220 ukilipasua mikanda mitatu ya upana wa 400, kila mkanda unatoa sanduku moja kamili pamoja na vipande vyake vya nyuma. Yaani masanduku matatu kwa bao moja, kwa hiyo tafuta wenzako wawili mchangie.

Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 2.5 kila skrubu inapopita. Kwa viungo tumia skrubu za 4 kwa 50, tatu kila kiungo, pamoja na gundi ya mbao. Kwa reli tumia za 4 kwa 16, angalau nne kila reli. Ukitumia za 25 zitatokea upande wa pili. Reli zirudishwe ndani milimita 40 kutoka ukingo wa mbele, ili vitasa na swichi visijitokeze na kugongwa na kiti.

Na hapa pana kosa linalofanya masanduku mengi ya nyumbani yachukiwe. Watu hupima reli ya kushoto kutoka chini, kisha ya kulia kutoka chini, wanazifunga zote mbili. Mbao ikiwa imekatwa kwa tofauti ya milimita moja na nusu, reli hazilingani tena na kila kifaa kinakaa upande. Funga reli ya kushoto peke yake. Kisha chukua kifaa chepesi cha U moja au bamba tupu la kuzibia, lifunge kwenye reli zote mbili katika U ya juu kabisa, na jingine katika U ya chini kabisa, reli ya kulia ikiwa bado inaelea. Hapo bamba lenyewe ndilo linaloipanga. Weka alama, toboa, funga.

Kina cha sentimita 40 kinatosha vifaa vingi vya sauti, kwani plagi ya XLR na mkunjo wa waya wake vinakula sentimita 8 hadi 10 nyuma ya kifaa. Amplifaya yenye kilo zaidi ya kumi isiachwe ining'inie kwa masikio yake. Gundisha vipande vya mbao ubavuni chini yake ili mgongo wake upumzike hapo. Masikio yaliyopinda kwa uzito hayanyooki tena vizuri.

Wakati wa kufunga, anza na skrubu mbili za chini za kifaa, kwa sababu zikishashika kifaa kinajiegemeza na mkono wako unapumzika. Tia zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Washa za plastiki, vile vipete vya chini ya kichwa cha skrubu, zinalinda rangi na, la muhimu zaidi, zinasaidia kutenga kifaa na reli. Tutalirudia hilo.

Mpangilio wa juu na chini unazua ubishi kila mahali. Kizito kikae chini, hakuna wa kupinga. Lakini kinachochemka kikiwa chini, joto lake linapanda kwa wenzake. Vifaa vya valvu (vyenye taa za kioo ndani zinazochemka) viwekwe juu kabisa na U moja wazi juu yake. Kama amplifaya lazima ikae chini, acha U moja wazi kati yake na jirani, na uzibe kwa bamba lenye matundu, si bamba tupu. Tazama pia hewa ya kifaa inaingia wapi. Vingine huvuta kutoka ubavuni, na ubavu wa mbao ulio karibu mno unakuwa kama kiganja mdomoni. Pachibei iwekwe kwenye usawa wa mkono ukiwa umekaa. Vifaa vidogo visivyo na masikio, zikiwemo kadi nyingi za sauti, vinahitaji trei ya U moja; chagua yenye matundu chini ili uvifunge kwa skrubu au velkro, maana kifaa cha nusu kilo kinachoteleza kila ukichomeka waya kinachosha.

Mvumo, ile sauti nzito ya umeme inayosikika kwenye spika, ni jambo la nyuma ya raki. Nyaya za umeme zishuke upande mmoja, za sauti upande wa pili, na pale zisipoepukana zikatane kwa pembe ya mraba badala ya kulala sambamba. Priampu ya maikrofoni, yaani kikuza ishara yake dhaifu, isikae juu ya transfoma kubwa. Ukisikia mvumo unaobadilika ukiisogeza priampu U mbili mbali, umeshajua chanzo. Mvumo usiobadilika kwa kusogeza mara nyingi unatokana na ethi kujizungusha kupitia chuma cha raki na ngao za nyaya, na hapo ndipo washa za plastiki pamoja na vikombe vya nailoni kwenye matundu vinapofanya kazi. Kukata waya wa ethi kwenye plagi si suluhisho. Kifaa kikipata hitilafu, raki nzima inakuwa na umeme na wewe umeishika.

Onyo moja kuhusu pachibei ya jeki za robo inchi: usipitishe humo umeme wa volti 48 wa maikrofoni. Jeki inapoingia inagusanisha njia za umeme kwa muda mfupi, na hiyo inatosha kudhuru baadhi ya priampu. Maikrofoni iingie moja kwa moja, pachibei ibebe ishara zilizokwisha kukuzwa.

Kila kitu kikishafungwa, cheza kwenye spika mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka hezi 40 hadi 200, kwa sauti unayotumia kazini. Kuna mahali raki italia: bamba tupu, trei, adapta iliyoegemea ubavu. Weka kidole juu ya kila kimoja mpaka mlio ukome. Kilichonyamaza chini ya kidole kinahitaji kipande cha mpira, na mara nyingi ni lile bamba lililofungwa kwa skrubu mbili badala ya nne.